Mwalimu wa Kiswahili Ughaibuni: Mwalimu au Kielelezo?

Utangulizi

Neno ughaibuni limezoeleka vinywani mwetu kiasi kwamba ni nadra kulichunguza. Asili yake ni ghaibu, yaani hali ya kutokuwepo au kutoonekana. Kwa hivyo, aliye ughaibuni huitwa kwa mahali asipokuwapo. Sisi tuliobaki nyumbani ndio tunaomwita hivyo. Kule aliko, wenyeji wake wana majina mengine ya kumwita: mgeni, msaidizi, mtaalamu, Mwafrika. Makala haya yananuia kuyachunguza majina hayo kwa kumwangazia msafiri mmoja mahususi, naye ni mwalimu wa Kiswahili anayeishi na kufanya kazi nje ya Afrika.

Mada hii inatugusa kwa karibu. Miongoni mwetu wapo wanaotuma maombi ya kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani na Ulaya, na wapo wahadhiri wetu waliokwisha kufanya kazi hiyo. Mazungumzo yetu kuhusu nafasi hizo aghalabu huwa juu ya nauli, malipo na baridi. Ni mara chache tunapouliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito zaidi: je, anayekwenda huko atakuwa nani darasani? Atakuwa mwalimu anayefasiri na kueleza lugha yake, au atakuwa kielelezo, yaani sauti inayosikilizwa na wanafunzi huku maelezo yakitolewa na mtu mwingine?

Hoja ya makala haya ni kwamba ujuzi wa Kiswahili peke yake haujawahi kutosha kumfanya mtu awe mwalimu ughaibuni. Historia inaonyesha kuwa mambo matatu ndiyo yaliyoamua: jina lake kuwekwa juu ya kazi yake, mamlaka ya kueleza lugha, na hadhi yake mbele ya sheria. Tutaanza na Berlin, mji ambamo taaluma ya kufundisha Kiswahili Ulaya ilijengewa mojawapo ya misingi yake ya awali, kisha tutaingia katika kipindi cha baada ya uhuru, na hatimaye katika darasa la leo.

Berlin na mgawanyo wa kazi

Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa mjini Berlin mwaka wa 1887. Hii ilikuwa miaka michache tu baada ya Ujerumani kuanza kujitwalia ardhi Afrika Mashariki. Pamoja na kuwaandaa wakalimani wa balozi, seminari hiyo iliwafunza lugha maafisa, wafanyabiashara na wengine waliokuwa wakielekea katika makoloni. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa.

Mpango wa ufundishaji ulikuwa na ngazi mbili. Mwalimu Mjerumani alieleza sarufi. Chini yake alikuwepo mzungumzaji wa lugha yenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma, kutamka, kuzungumza na wanafunzi na kuwasahihisha. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya maelezo na ya pili ilikuwa ya sauti. Mgawanyo huu hauna budi kukumbukwa, kwa kuwa haukufia Berlin.

Mmoja wa walimu wa mwanzo katika ngazi hiyo ya pili alikuwa Amur bin Nasur kutoka Unguja, aliyefundisha huko katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1890. Masimulizi yake kuhusu maisha na safari yake, na mambo aliyoyaona Berlin, yalichapishwa katika mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili uliotolewa na C. G. Büttner mwaka wa 1894. Kwetu sisi wanafunzi wa fasihi, matini hayo yana thamani kubwa. Ni miongoni mwa nathari za awali ambamo Mswahili anautazama mji wa Ulaya na kuueleza kwa lugha yake mwenyewe. Mtazamaji na mtazamwa wamebadilishana nafasi. Hata hivyo, kitabu kilichoyabeba masimulizi hayo kilijulikana, na bado kinajulikana, kwa jina la Büttner.

Mtoro bin Mwinyi Bakari: kitabu na jina

Kisa kinachotufunza zaidi ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu na Bagamoyo mnamo mwaka wa 1869, akapata elimu ya dini, na baadaye akafanya kazi ya kukusanya kodi chini ya utawala wa Kijerumani. Mwaka wa 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika seminari iliyotajwa hapo juu.

Mwaka wa 1903 kilichapishwa mjini Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Kinaeleza maisha ya watu wa pwani ya Mrima tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: malezi, chuo cha Kurani, jando na unyago, ndoa, ngoma, utumwa, biashara na sheria. Ni nadra kwa tasnifu inayohusu utamaduni wa Waswahili wa karne ya 19 kukwepa kukitumia. Mchango mkubwa zaidi katika kitabu hicho ni wa Mtoro. Lakini jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten, mwalimu Mjerumani wa Kiswahili katika seminari, kama mkusanyaji. Velten huyohuyo alikuwa amechapisha Safari za Wasuaheli mwaka wa 1901 kwa utaratibu kama huo.

Ni haki tuitazame hoja ya upande wa pili. Yapo maoni kwamba bila Velten kitabu hiki kisingechapishwa, na kwamba mkusanyaji hakudai kuwa yeye ndiye aliyeishi desturi hizo. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mashine ya kuchapa, fedha na wasomaji vilikuwa mikononi mwa seminari, na ni kwa sababu ya kazi ya Velten kwamba maneno ya Mtoro yametufikia. Ila tunapaswa kupima matokeo yake pia. Msomaji aliyekiona kitabu rafuni alimwona Velten kama mtaalamu na Mtoro kama chanzo cha habari. Yule aliyetunga sentensi, aliyechagua kipi kitangulie na kipi kifuate, na aliyepima kipi kisemwe mbele ya wageni, aligeuzwa kuwa kielelezo. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotolewa mwaka wa 1981, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari lilipowekwa mbele kama mwandishi, pamoja na kutajwa kuwepo kwa Waswahili wengine waliochangia. Ilikuwa miaka 78 tangu kitabu kichapishwe, na miaka 54 tangu Mtoro afariki.

Maisha yake nje ya darasa yanakamilisha picha hii. Mwaka wa 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani. Mwaka uliofuata alisafiri naye kurudi nyumbani, lakini utawala wa koloni haukukubali aishi huko na mke wake huyo. Ikabidi warudi Ujerumani. Baadaye alifundisha kwa miaka kadhaa katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, alikokuwa Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu, na alifariki Ujerumani mwaka wa 1927. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoro alizuiwa asicheze kwao, na kule alikocheza, tuzo ikapokewa na mwingine. Hapa neno ghaibu linapata uzito wake kamili, kwa kuwa kutokuwepo kwake nyumbani hakukuwa hiari yake tena.

Bayume Mohamed Husen: mwalimu asiye na ngao ya sheria

Iwapo kisa cha Mtoro kinahusu jina, kisa cha Bayume Mohamed Husen kinahusu sheria. Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904, mwana wa askari wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, na akiwa mtoto alitumikia jeshi hilo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1929 alifika Berlin kudai malipo ya utumishi wake na wa babake, na madai yake yakakataliwa. Alibaki huko, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza nafasi ndogondogo katika filamu, na katika miaka ya 1930 akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika seminari ileile ya Berlin.

Katika miaka hiyo utawala wa Wanazi ulikuwa umeshika hatamu. Husen alihitajika kwa sababu mbili: sauti yake darasani na sura yake katika filamu. Mwaka wa 1941 aliigiza katika filamu iliyomtukuza Carl Peters, mmoja wa waasisi wa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Mwaka huohuo kazi yake ya kufundisha ilikoma, naye akakamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka wa 2007 kibao cha kumbukumbu chenye jina lake kiliwekwa mbele ya nyumba alimokuwa akiishi mjini Berlin.

Nakitaja kisa hiki kwa tahadhari. Si nia yangu kusema kwamba mwalimu anayekwenda Ulaya au Marekani leo anakabiliwa na hatari hiyo, maana kulinganisha namna hiyo kungekuwa kuwadhulumu waliokufa. Ninachokiona ni kanuni moja: kuhitajika si sawa na kulindwa. Taasisi inaweza kuhitaji lugha ya mtu kwa miaka kumi bila kumpa hadhi yoyote ya kumkinga siku mambo yanapobadilika. Ujuzi wa Husen haukupungua mwaka wa 1941. Kilichokosekana tangu mwanzo ni haki iliyoandikwa.

Baada ya uhuru: mwalimu mwenye jina

Uhuru wa nchi zetu ulileta sura mpya. Tuchukue mifano miwili. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Baada ya kifungo aliishi na kufanya kazi Tanzania, kisha Uingereza, na kuanzia 1995 hadi 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Naye Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alifundisha hapa Kenya katika Chuo Kikuu cha Moi, kisha Osaka nchini Japani, na baadaye Bayreuth nchini Ujerumani. Alipokuwa ughaibuni hakuacha kutunga. Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006) zilichapishwa Nairobi na kusomwa na sisi wanafunzi wa huku.

Tofauti kati ya hawa na wale wa Berlin iko wazi. Abdilatif na Said walifika madarasani humo wakiwa tayari na majina yaliyojulikana na wasomaji wa Kiswahili. Walitoka katika nchi zilizokuwa huru, na wanafunzi wao walisoma fasihi ambayo walimu hao walikuwa sehemu yake. Hakuna aliyeweza kuwageuza kuwa chanzo cha habari tu, kwa kuwa walikuwa na sauti ya kujieleza na mahali pa kuchapishia. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba waliendelea kuandika kwa Kiswahili na kazi zao zikarudi nyumbani. Walikuwa ghaibu kwa mwili, ila kimaandishi walikuwepo.

Hata hivyo, mifano hii haiwezi kumfariji kila mtu. Mwalimu kijana mwenye shahada ya kwanza, ambaye hajachapisha chochote, hana jina la kumtangulia. Yeye huajiriwa zaidi kama msaidizi wa lugha. Kwake yeye swali la mwalimu au kielelezo lingali hai.

Darasa la leo

Mfano mmoja ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni, ambao kwa miaka mingi umewapeleka walimu vijana wa Kenya na Tanzania katika vyuo vya Marekani. Kwa kawaida msaidizi hukaa mwaka mmoja wa masomo, yaani takriban miezi 9. Hufundisha au kusaidia kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki, huku akisoma kozi zake bila kutunukiwa shahada, kisha hurejea nyumbani. Ni nafasi nzuri, na waliorejea wameleta faida. Lakini cheo chenyewe ni usaidizi, na mipaka ya usaidizi hutegemea sana chuo kinachompokea. Kuna msaidizi anayekabidhiwa darasa zima na kuna anayeitwa kuja kutamka maneno.

Je, ni nini kinachoweza kumpandisha kutoka ngazi ya sauti hadi ngazi ya maelezo? Tuangalie mfano wa ngeli. Mwanafunzi wa Kenya hufunzwa ngeli kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, KI-VI, LI-YA, I-ZI, na kadhalika. Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyotumiwa vyuoni Marekani na Ulaya hutumia nambari, utaratibu ulioanzishwa na Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Meinhof, huyohuyo wa Hamburg. Huko KI-VI ni 7/8, na I-ZI kwa kiasi kikubwa ni 9/10. Tofauti hii si ya majina tu. Neno ng'ombe kwetu limo katika A-WA kwa kuwa tunasema ng'ombe amelala. Kitabu cha mwanafunzi wa kigeni huliweka katika 9/10 kwa kuzingatia umbo la nomino, kisha huongeza kanuni ya viumbe hai.

Sasa mwanafunzi anauliza kuhusu sentensi hii: Rafiki yangu amefika. Kwa nini yangu ifuate ngeli moja na amefika ifuate nyingine? Msaidizi asiyejiandaa atajibu kwamba ndivyo tunavyosema. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni jibu la kielelezo, maana linathibitisha matumizi bila kuyaeleza. Mwalimu ataonyesha kwamba nomino rafiki ina umbo la ngeli ya 9, kwamba kivumishi kimilikishi cha nomino za uhusiano wa watu huweza kufuata umbo hilo, ilhali kitenzi hufuata uhai wa anayetajwa. Ataweza pia kueleza kwamba ile mifumo miwili ya ngeli haipingani, kwani mmoja umeanza na umbo na mwingine umeanza na upatanisho. Akifanya hivyo, hakuna atakayemwambia arudi kutamka maneno.

Mfano wa pili ni lahaja na mila za mazungumzo. Mwalimu kutoka bara la Kenya anaweza kukuta kitabu kimeweka shikamoo katika somo la kwanza, kama inavyozoeleka Tanzania na pwani, ilhali yeye amekua akisalimia kwa habari au hujambo. Wanafunzi watamtazama kama mizani ya Kiswahili sahihi. Akijifanya anazungumza kwa niaba ya Waswahili wote, anajigeuza kielelezo kwa hiari yake. Akieleza kwamba Kiswahili kina maeneo, historia na rejista, na kwamba yeye anatoka sehemu moja ya ramani hiyo, anakuwa mwalimu. Vivyo hivyo anapoulizwa kuhusu bara zima la Afrika, mavazi yake, vyakula vyake na vita vyake, kusema anachokijua na kukoma hapo ni sehemu ya weledi.

Mapendekezo

Kutokana na uchanganuzi huu, yapo mambo manne ambayo mwanachama anayepanga kwenda kufundisha ughaibuni anaweza kuyafanya.

Kwanza, asome mkataba kabla ya kununua koti. Aulize kazi yake inaitwaje, ni saa ngapi kwa wiki, nani hutunga na kusahihisha mitihani, visa yake inamruhusu nini, na ni nani atakayemsikiliza kukitokea mgogoro.

Pili, aulize kuhusu umiliki wa kazi. Mazoezi, rekodi za sauti na hadithi fupi atakazozitunga kwa ajili ya darasa zitatumika baada ya yeye kuondoka. Jina lake litakuwepo? Hili ndilo swali ambalo kisa cha Mtoro kinatufunza kuuliza.

Tatu, ajifunze mifumo yote miwili ya ngeli pamoja na isimu ya msingi ya Kibantu akiwa bado hapa nyumbani. Idara zetu zinaweza kulisaidia hili kwa kuwa na kozi ya kufundisha Kiswahili kama lugha ya kigeni.

Nne, aandike kwa Kiswahili akiwa huko. Amur bin Nasur alituachia Berlin ya zamani. Ni nani atakayetuachia Osaka, Leipzig au Wisconsin ya leo katika nathari ya Kiswahili? Majarida ya vyama vyetu yana kurasa za kupokea maandishi hayo.

Hitimisho

Wageni wetu tuliwaambia zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu wa Kiswahili ughaibuni hupewa jembe tangu siku ya kwanza, na hilo si tatizo. Tatizo hutokea pale mavuno yanapoandikwa kwa jina la mwingine. Makala haya yameonyesha kwamba jina, mamlaka ya kueleza na ulinzi wa sheria ndivyo vinavyomtenganisha mwalimu na kielelezo, na kwamba sehemu ya mambo hayo imo mikononi mwa mwalimu mwenyewe.

Sehemu nyingine imo mikononi mwetu sisi tusiosafiri. Kila tunapoandika tasnifu na kutaja Desturi za Wasuaheli kama kitabu cha Velten pekee, tunarudia kosa la mwaka wa 1903 tukiwa hapahapa Kenya. Tukianza kumtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari kama mwandishi, na Velten kama mkusanyaji na mchapishaji, tutakuwa tumemrudisha nyumbani mwalimu mmoja aliyekatazwa kurudi.